Shamba la Mtu

Siku ya kwanza ya kambi Ouma alituambia, "Msihesabu vichwa. Hesabuni mikono."

Alikuwa na sababu. Watoto wa mtaa wakinusa uji wa saa nne walijipenyeza kwenye foleni, kila mmoja akiapa kwamba ameandikishwa, na vichwa vilikuwa haviishi. Kwa hiyo tuliwafunga watoto wetu uzi wa sufu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Wa Kibera kijani, wa Kawangware manjano. Kwa wiki mbili nzima za likizo ya Agosti uzi ule haukutakiwa kutoka, hata wakati wa kuoga. Siku ya mwisho mzazi ndiye angeukata kwa mkono wake, na hapo mtoto angekuwa amerudi kwake rasmi.

Mimi ndiye niliyeukata mapema.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwezi wa nne, ualimu wa chekechea, na bado sikuwa nimepata shule. Ninaishi Kabiro, Kawangware. Kila asubuhi nilipanda gari la Gikonyo na watoto kumi na tisa wenye nyuzi za manjano, tukaenda Kibera, mpaka kwenye ukumbi ulio juu kidogo ya mtaa wa Silanga, na kila jioni nikawarudisha. Ouma, aliyekuwa kiongozi wa kambi, alinichukua ingawa alinicheka. "Ticha Mukai, hiyo sauti yako hata nzi haiwezi kufukuza," alisema. Watoto walicheka pia. Mtoto mmoja hakucheka, naye alikuwa Wangoi.

Wangoi alikuwa na miaka sita. Mama yake hufua nguo katika nyumba za watu, na siku ambazo hakuwa na pa kumwacha alienda naye. Huko alimfundisha kwamba nyumba ya watu hugusi kitu kabla hujamwomba mwenyewe. Wangoi aliishika amri hiyo hata kambini. Aliomba ruhusa ya kunywa maji. Aliomba ruhusa ya kukaa kwenye benchi lililokuwa tupu. Nilimpenda upesi, labda kwa sababu mimi pia nilikuwa hivyo nikiwa mdogo, na bado niko hivyo.

Ukisimama nyuma ya ukumbi unaliona bwawa, wenyewe huliita dam, chini ya mtaa. Lakini mgeni haoni bwawa. Magugu-maji yamelifunika kutoka ukingo hadi ukingo, mabichi, sawasawa kama nyasi za uwanja, na yangeyange hutua juu yake wakatembea. Watoto wa Silanga huambiwa habari zake kabla hawajaota meno. Wangoi alitoka Kawangware.

"Ticha," aliniuliza siku ya tatu, "mbona hakuna mtu anacheza mpira pale?"

Kazi yangu ilikuwa kumwambia. Nilijua vizuri pale ni nini. Lakini asubuhi ile alikuwa amenieleza ndoto mbaya aliyoota, bado macho yake yalikuwa yamevimba, na sikutaka kumwongezea hofu nyingine ya kwenda kulala nayo. Nikamshika bega.

"Ni shamba la mtu," nikasema. "Hatuchezi kwenye shamba la mtu."

Akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Mimi nikajiona mwalimu mwema.

Rafiki yake kambini alikuwa Sumaya, wa miaka saba, Mnubi wa Silanga, mjukuu wa Haboba Mabrouka. Haboba ndivyo wanavyomwita bibi kwao. Sumaya alizungumza kwa niaba ya watu wawili. Wangoi akitaka kitu alimnong'oneza Sumaya, na Sumaya akapaza sauti kama kondakta.

Siku ya mwisho tulipaka watoto rangi usoni. Wengi walitaka simba. Baada ya nyimbo na soda, Sumaya alikuja akimvuta Wangoi kwa mkono, wote wawili simba, wote kwenye fulana zile zile nyeupe za kambi.

"Ticha, tunataka kubadilishana uzi. Wa ukumbusho."

"Hapana, Sumaya. Ouma alisema nini?"

"Ouma ameenda kushusha hema. Na kambi si imeisha? Tafadhali, ticha. Hatutaonana tena mpaka mwakani."

Wangoi hakusema kitu. Alinyoosha tu mkono wake, kifundo kimegeuzwa juu. Nikachukua mkasi. Niliukata wa manjano, nikaukata wa kijani, nikazifunga tena, kila mmoja kwenye mkono wa mwenzake. Nilijiambia nitakumbuka. Watoto wawili tu, nani asiyeweza kukumbuka watoto wawili?

Kisha watoto arobaini na kitu walianza kutafuta viatu kwa pamoja.

Saa kumi na robo nilisimama mlangoni mwa gari la Gikonyo nikihesabu mikono ya manjano. Kumi na tisa. Nilihesabu tena. Kumi na tisa. Upande wa pili, msaidizi wa Kibera, aliyewapanga wake mstari wa kurudi kwao kwa miguu, alikuwa akihesabu ya kijani kwa sauti, naye ilimtimia. Niliketi mbele. Nyuma waliimba kidogo, halafu foleni ya magari ikawalaza.

Tulifika Kabiro karibu saa kumi na moja. Wazazi walikuwa wakingoja kwenye kona ya kinyozi, wengine na mikasi, wengine na wembe. Nilimteremsha mtoto mmoja mmoja, mzazi akakata uzi, akacheka, akaondoka. Wa kumi na nane akaenda. Kwenye kiti cha mwisho alibaki simba mmoja, kofia imemfunika macho.

"Wangoi, amka mamangu. Tumefika."

Akainua kofia. Alikuwa Sumaya.

Nakumbuka nilitazama kwanza chini ya kiti.

"Wangoi yuko wapi?"

"Ameenda kwetu," Sumaya alisema. Alikuwa akitabasamu, bado ni mchezo. "Analala kwetu, mimi nalala kwao. Leo peke yake. Nimempea mtandio wangu ndio Haboba asishtuke."

"Ameenda na nani?"

"Na laini ya Silanga. Nilimwonyesha. Wakifika kwa wauza makaa laini inaisha, kila mtu anaenda kwao. Nikamwambia ateremke tu, aone kijani, afuate kando ya kijani mpaka mlango wa bluu."

Kijani hicho nilikijua. Nilikaa kwenye ngazi ya gari. Gikonyo alizima injini, akageuka.

"Ticha, ni nini?"

Nilikuwa napiga simu kwa Ouma na simu ilikuwa inaita bure. Nikapiga tena. Mara ya tatu akashika, nyuma yake vyuma vya hema vikigongana.

"Ouma. Wangoi. Wangoi ako huko kwenu, ako na uzi wa kijani. Hajui bwawa."

Aliniuliza mara moja tu, "Hajui?" Kisha nikasikia vyuma vikianguka chini na simu ikakatika.

Ndipo mama yake Wangoi alipotokea kwenye kona, anatembea haraka, mikono yake imekunjamana kwa maji ya sabuni ya kutwa. Alikuwa amenunua mkasi mdogo wa watoto, bado umo kwenye karatasi yake.

"Sasa ticha. Nimechelewa, eh? Huyu wangu ako wapi?"

Nilimtazama. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Anakuja na Ouma," nikasema. "Amebaki kidogo. Kuna picha wanapiga."

"Aa, sawa. Basi naenda kumpikia chapati. Alinisumbua asubuhi yote na chapati." Akamtazama Sumaya. "Na huyu simba ni wa nani?"

"Ni wa... namrudisha kwao."

Akaondoka. Sumaya alinitazama tangu miguu hadi usoni. Tabasamu lilikuwa limemwisha.

"Ticha, mbona umemdanganya?"

Gikonyo alisema kwa gari tungefika saa moja usiku, foleni ya Ngong Road haijalegea. Alitusimamishia bodaboda. Nilimweka Sumaya katikati, nikamkumbatia pamoja na mgongo wa dereva, na njia nzima nilikuwa naongea na Mungu kwa maneno mawili tu, asikanyage, asikanyage. Sumaya alikuwa analia bila sauti. Machozi yalikuwa yanamwosha usimba wake, rangi ikinipaka kwenye mikono.

Wakati fulani aligeuza kichwa. "Hakuna mtu hajui dam, ticha. Mimi sikujua kuna mtu hajui."

"Si makosa yako," nikamwambia. Hiyo angalau ilikuwa kweli.

Tulipoteremka kwa wauza makaa, kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kinatangaza. "Mtoto amepotea. Mtoto wa kike, miaka sita, jina lake Wangoi, mgeni kutoka Kawangware. Amevaa fulana nyeupe. Mwenye kumwona amlete msikitini." Kikarudia. Nilisikia jina lake likipita juu ya mabati, nikamshika Sumaya mkono tukakimbia.

Watu walikuwa wamejaa ukingoni. Jua lilikuwa limeshuka na magugu yalikuwa yameanza kuwa meusi. Nilipenya nikisema samahani, samahani, na hakuna aliyenisikia, mpaka Sumaya akapiga kelele, "Tupisheni!" wakatupisha.

Ouma alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Kamba ilikuwa imefungwa tumboni mwake na vijana watatu wameishika. Mkononi alikuwa na mti mrefu, anaudidimiza polepole mbele yake, anautoa, anaudidimiza tena. Hatua tano kutoka pale alipokuwa, juu ya majani, mtandio wa waridi ulikuwa umelala. Kando ya mtandio, karibu na ukingo, palikuwa na tundu katika kijani, dogo, la kutosha mwili wa mtoto. Maji yaliyoonekana humo yalikuwa meusi.

"Huo ni mtandio wa Sumaya," sauti ya mwanamke mzee ilisema. "Nimeushona mimi." Alikuwa Haboba Mabrouka. Alipomwona Sumaya pembeni yangu alimvutia kifuani kwa nguvu hadi mtoto akakohoa, akamshika uso, akamfuta rangi kwa kiganja, akahakikisha. Kisha akanitazama mimi. Alirudisha macho kwenye lile tundu.

Nyuma yangu watu walikuwa wanasema.

"Hawa wa kambi. Wanabeba watoto wa watu kama vifaranga, hata hawajui nani ni wa nani."

"Si wako na vitambulisho shingoni? Vitambulisho vya nini sasa?"

"Wacheni hivyo, mtu anatafutwa."

Kitambulisho kilikuwa shingoni mwangu. Nilikivua, nikakikunja ndani ya ngumi. Ouma alisogea, akaudidimiza mti kwenye lile tundu. Uliingia, ukaingia, ukaendelea kuingia, na nikawa nasubiri mkono wake usimame ghafla. Niliona kikaango cha chapati Kabiro. Niliona ule mkasi kwenye karatasi yake. Nilijaribu kutunga sentensi ya kumwambia yule mama, na kila niliyoitunga ilianza na uongo.

"Hakuna kitu," Ouma alisema. Akautoa mti. "Shikeni kamba, nasogea."

Hapo alikuja mwanamke mmoja akitokea upande wa vishamba vya sukuma wiki, ndoo ya kumwagilia mkononi, gambuti za mpira miguuni. Watu walimfahamu. "Ndululu, umeona mtoto?" mmoja alimuuliza.

"Sijaona. Nimesikia tangazo nikasema wacha nimalizie mistari miwili nije," alisema. "Poleni sana. Mimi hata huyu Sumaya wangu nimemkataza kutoka pale. Nimemwambia kaa hapo kwa sukuma, huku si kuzuri leo."

Hakuna aliyelitilia maanani neno hilo. Ouma alikuwa amepiga hatua nyingine na vijana walikuwa wakiachia kamba.

"Sumaya gani?" ikauliza sauti ndogo kutoka kwenye nguo za Haboba.

"Kasichana fulani ka mlango wa bluu," Ndululu alisema bila kuangalia. "Kamekuja kuniuliza kama hili shamba ni langu."

"Sumaya ni mimi," Sumaya alisema.

Sikumbuki kuwaza. Nilipiga ukelele. Watu waliniambia baadaye kwamba nilisema, "Ouma, toka kwa maji!" na kwamba sauti ilisikika mpaka kwa wauza makaa. Mimi nakumbuka tu matope ya vishamba yakininyang'anya viatu, na mistari ya sukuma, na mwisho wa mistari, kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtoto mwenye fulana nyeupe akichambua majani yaliyogeuka manjano na kuyaweka fungu moja.

Aliponiona alisimama, akarudi nyuma ya ndoo.

"Mimi ni Sumaya," alisema polepole, kwa adabu, kama Sumaya alivyomfundisha.

"Mchezo umeisha," nikamwambia. "Njoo."

Alikuja. Nilipiga magoti kwenye maji ya kumwagilia mboga nikamshika, nikamshika kichwa, masikio, vidole. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu. Wa kushoto ulikuwa mtupu, na tope jeusi lilikuwa limeukaukia hadi juu ya goti.

"Kiatu kimeingia ndani," alisema. Aliuonyesha mguu. "Niliteremka nikaona uwanja. Nikakanyaga kidogo. Halafu nikakumbuka ulisema ni shamba la mtu na mimi sijaomba. Nikajaribu kutoa mguu. Ukakataa kutoka. Nikavuta, nikaanguka huku nyuma, mtandio ukapeperuka. Nikaenda kutafuta mwenye shamba."

Ndululu alikuwa amefika, anahema. "Nikamwambia shamba langu ni hili la sukuma tu, lile pale halina mwenyewe. Hakunielewa. Akaniambia atangoja mpaka mwenyewe arudi."

"Ticha," Wangoi alininong'oneza sikioni, "shamba la huyo mtu liko na maji chini."

Ouma alinikuta pale, nguo zimemganda mwilini. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Halafu akautazama uzi wa kijani kwenye mkono wake, akanitazama mimi.

"Nani alibadilisha?"

"Ni mimi," nikasema. "Niliukata mimi."

Ouma aligeuka. Akaenda kukaa kwenye ukingo wa mfereji, akajishika kichwa, na mabega yake makubwa yakaanza kucheza. Sijawahi kuogopa mtu akilia kama nilivyomwogopa yeye jioni ile.

Tulifika Kabiro taa zimewashwa. Wangoi alikuwa mgongoni kwangu kwenye leso aliyotupatia Haboba Mabrouka. Mlango ulikuwa wazi, harufu ya chapati imejaa kwenye ujia. Mama yake aliinuka akipangusa unga.

"Hizo picha zenu ni nyingi aje?" Kisha akauona mguu. "Na kiatu?"

Ningeweza kusema kimepotea kwenye mchezo. Sentensi ilikuwepo, tayari, tamu. Wangoi alikuwa ameegemeza shavu kwenye shingo yangu, naye asingenisuta.

"Nilikudanganya," nikasema. "Hakukuwa na picha. Ulipokuja kwa kinyozi sikuwa najua mtoto wako yuko wapi."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Uzi, mkasi, bwawa, tundu, mti wa Ouma. Nilimweleza na lile neno langu la siku ya tatu. Alinisikiliza akiwa ameshika kitambaa cha meza. Nilipomaliza hakunipigia kelele. Alikuja akanitolea mtoto mgongoni, akamketisha kwenye stuli, akaleta beseni na maji ya moto. Aliushika ule mguu, akauinua hadi puani, akaunusa. Hapo ndipo uso wake ulipovunjika.

Aliuosha kwa muda mrefu. Maji yakawa meusi, akayamwaga nje, akaleta mengine. Mimi sikujua kama niondoke.

"Mwambie," alisema mwishowe, bila kuinua kichwa.

"Nimwambie nini, Mama Wangoi?"

"Ile kitu ni nini. Wewe ndiye ulimwambia ni shamba. Mwambie sasa."

Nilichuchumaa mbele ya stuli. Wangoi alinitazama, nusu ya simba bado iko kwenye paji lake. Kila kitu ndani yangu kilitaka kumpa usingizi mwema.

"Si shamba," nikasema. "Ni maji. Ni mengi kuliko unavyoweza kufikiria, na yale majani yanaelea tu juu yake. Hayawezi kukubeba. Mtoto akiingia, majani yanajifunga juu yake, na watu hawamwoni."

Macho yake yalizidi kuwa makubwa. Alimtazama mama yake, akaona kwamba mama hakatai.

"Na kama ningekanyaga na huu mwingine?"

Mikono ya mama yake ilisimama ndani ya maji.

"Ungezama," nikasema.

Akaanza kulia, kilio kile kikubwa ambacho sikuwahi kukisikia kwake kwa wiki mbili. Mama alimbeba. Juu ya bega la mtoto alininyooshea mkono, na ndani yake ulikuwa ule mkasi mdogo, umetolewa kwenye karatasi.

"Shika mkono wake," aliniambia. "Mimi natetemeka."

Nilikishika kifundo. Mama akaingiza ncha ya mkasi chini ya uzi wa kijani, akaukata mwenyewe.